Laptopu inachemka na kuwa nzito kwenye Linux Mint, naombeni msaada

steshenari_dom, Jumapili, saa 4 usiku

Wakuu, habari za usiku. Mashine yangu inanikosesha wateja na sijui tena nianzie wapi.

Nina steshenari ndogo hapa Dodoma, karibu na chuo. Kazi zangu ni kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, kuskani vyeti na kuwajazia wanafunzi maombi ya mtandaoni. Miaka miwili iliyopita nilitoka Windows nikahamia Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu moja tu: flashi za wateja. Kila flashi ilikuwa inakuja na virusi vyake, na kila baada ya wiki chache nilimpelekea fundi mashine apige Windows upya. Tangu niweke Mint sijaenda kwa fundi hata mara moja. Kwa hiyo kurudi nilikotoka si jibu ninalolitafuta.

Laptopu ni ya mtumba, inchi 14, zile za maofisini. Prosesa ni Intel i5-6300U, RAM GB 8, SSD GB 256, Mint 21.3 yenye mwonekano wa Cinnamon.

Asubuhi nikifungua duka iko vizuri kabisa. Ikifika saa 5 hivi feni inaanza kuunguruma, kibodi upande wa kushoto juu haishikiki kwa moto, na hapo ndipo uzito unapoanza. Naandika sentensi nzima, herufi zinakuja baadaye. Alhamisi alikuja binti na ripoti ya fildi, kurasa 64 zenye picha, mwisho wa kukusanya saa 10 jioni. LibreOffice, programu ninayochapia, ilichukua karibu dakika nne kuigeuza kuwa PDF. Binti wa watu amesimama kaunta, anaangalia saa, ananiangalia mimi, anaangalia saa. Aliondoka mbio na nadhani alichelewa. Limenikaa rohoni mpaka leo.

Nimefuta programu nisizotumia, nimeapdeti kila kitu, nimesafisha historia ya Firefox, na jana nilianza kudownload Mint nyingine yenye mwonekano mwepesi wa Xfce nikitaka kupiga upya kila kitu. Kabla sijafika huko nimeona niulize.

---

fundi_ghorofani, Jumapili, saa 4:35 usiku

Dada, pole. Mashine ya mtumba, Dodoma, miaka miwili haijafunguliwa? Hilo ni vumbi, sihitaji hata kuiona. Ifungue, pulizia feni, badilisha pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye kipozeo. Nafungua mashine kama tano za namna hiyo kwa wiki.

---

nzi_wa_terminali, Jumapili, saa 5:10 usiku

Fundi anaweza kuwa sahihi, lakini dada, usishike bisibisi bado. Na hiyo Xfce iache kwanza. Xfce inakula RAM kidogo kuliko Cinnamon, hilo ni kweli, ila feni iliyoziba itabaki imeziba hata ukiweka mfumo mwepesi kuliko yote duniani. Utapoteza siku nzima ya kazi kisha Jumanne saa 5 utakuwa palepale.

Pima kwanza. Kesho mashine ikianza tu kuwa nzito, usiizime. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`sudo apt install lm-sensors htop stress-ng`

`sensors`

Tazama mstari wa "Package id 0". Hiyo prosesa yako kikomo chake ni nyuzi joto 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na wewe kwenye kioo unaona uzito. Kisha:

`grep MHz /proc/cpuinfo`

Hapo utaona kasi ya kila uzi wa prosesa (thread, yaani njia moja ya kufanyia kazi; yako ina nne) kwa wakati huo. Ya kwako imeandikwa GHz 2.4 na inaweza kupanda hadi 3.0. Halafu hii:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/package_throttle_count`

Hiyo ni kaunta. Inahesabu mara ngapi prosesa imebanwa kwa sababu ya joto tangu uiwashe. Ikiwa ni 0, fundi amekosea. Ikiwa ni maelfu, fundi amepatia.

Mwisho fungua `htop` (orodha ya programu zinazofanya kazi), bonyeza F6, panga kwa CPU, utuambie nini kiko juu; uzi mmoja ukijaa ni asilimia 100. Ukituletea hizo namba nne tutaacha kubahatisha.

---

steshenari_dom, Jumatatu, saa 7:20 mchana

Nimepima wakati wateja wako foleni, naandika kwa simu.

Package id 0: nyuzi 97. Kasi: nyuzi zote nne ziko kati ya MHz 1,050 na 1,200. Kaunta: 6,318.

Kwenye htop juu kabisa ni Firefox, mistari mitatu, ukijumlisha inapita asilimia 150. LibreOffice ambayo ndiyo ninayoifanyia kazi ina asilimia 9. Firefox ina tabu mbili tu: ukurasa wa maombi ya mkopo na YouTube. YouTube huwa naiacha inapiga kwaya kutwa nzima, wateja wanapenda na mimi inanisaidia siku kupita. Nimeifunga sasa hivi, baada ya dakika mbili joto limeshuka hadi 84. Sikuwahi kufikiria kwaya inaweza kuchemsha mashine.

---

nzi_wa_terminali, Jumatatu, saa 7:50 mchana

Asante, hapo sasa tuna kitu cha kushika. Una mambo mawili yaliyopandana. Kuna kinachotoa joto, na kuna kinachozuia joto lisitoke. Mashine isiyo na tatizo ya namna hiyo haitakiwi kuwa na nyuzi 84 wakati haifanyi chochote, kwa hiyo la pili fundi ameshakuambia.

La kwanza ni video. YouTube siku hizi inatuma video nyingi kwa mfumo wa kubana video unaoitwa AV1. Ili prosesa iifungue AV1 bila jasho inabidi chipu yake ya picha iwe na uwezo huo, na kwa Intel uwezo huo ulianza kizazi cha 11. Wewe una kizazi cha 6. Kwa hiyo kila picha ya kwaya inafunguliwa na prosesa yenyewe kwa nguvu, kutwa nzima. H.264, mfumo mwingine wa video, ndiyo mashine yako inaifungua kwenye chipu ya picha bila shida.

Fanya hivi. Weka `sudo apt install intel-media-va-driver vainfo`, endesha `vainfo` uone kama H264 imo kwenye orodha. Kisha kwenye Firefox weka kiongezo kinachoitwa enhanced-h264ify, nacho kitaiambia YouTube ikutumie H.264. Na kama unasikiliza tu, shusha ubora wa video hadi 360p. Kwaya haipotezi sauti kwa hilo.

Na ili upumue leo kabla hujafungua mashine:

`echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`

Hiyo inaizuia isipande juu ya GHz 2.4. Unaweza kudhani unaipunguza, lakini mashine inayokaa 2.4 bila kuchemka ina kasi mara mbili ya ile inayoruka 3.0 kisha inaanguka 1.1. Ukirestati inarudi kama zamani, huharibu kitu.

---

kisiwandui_88, Jumatatu, saa 9 alasiri

Mie nipo Zanzibar, hapa vumbi si sana ila unyevu na chumvi ya bahari. Yangu ilikuwa na dalili hizohizo nikaifungua nikakuta mapezi ya kupozea safi, lakini ekseli ya feni imeota kutu, inazunguka kwa kujivuta. Kwa hivyo dada ukiifungua, usiishie kutazama vumbi. Izungushe feni kwa kidole polepole. Ikikwama au ikikwaruza, badilisha feni nzima, usipoteze mafuta ya cherehani kama nilivyopoteza mimi. Yalinipa wiki tatu tu.

---

fundi_ghorofani, Jumatatu, saa 1 jioni

Kama utaifungua mwenyewe dada, shika haya, maana nimeletewa nyingi zilizoharibikia njiani.

Zima kabisa, usiilaze usingizi. Toa chaja. Ukishaondoa jalada la chini, kitu cha kwanza ni kuchomoa waya wa betri kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine), kabla hujagusa kingine chochote. Ukipulizia kwa blowa, ishikilie feni kwa kijiti cha meno isizunguke. Upepo ukiizungusha kasi kupita kiasi unaua beringi yake. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia kwenye mazabodi. Vumbi baya halionekani juu ya feni. Liko kati ya feni na mapezi, mpaka utoe feni ndio uliona.

Pesti ya zamani ifute kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa kisichotoa nyuzi. Mpya weka kiasi cha punje ya mchele, katikati ya chipu. Nimeona watu wanapaka kama siagi kwenye mkate. Skrubu za kipozeo zimeandikwa namba 1 mpaka 4, zifuate hizo namba wakati wa kufunga, kidogokidogo kila moja, ili kikae sawa.

---

steshenari_dom, Jumatano, saa 3 usiku

Nimefungua. Nilifunga duka saa 12 jioni, nikaweka kanga nyeupe mezani ili skrubu zisinipotee, mdogo wangu akanishikia tochi ya simu.

Juu juu ilikuwa na vumbi la kawaida, nikaanza kuona kama tumehangaika bure. Nilipotoa feni ndipo nilipoona alichosema fundi. Kwenye mdomo wa mapezi, pale hewa inapotakiwa kupita, palikuwa na kitu kama kipande cha sweta. Nilikishika kwa kibano cha nyusi kikatoka chote kwa mara moja, kizima, kina umbo lilelile la tundu. Upande mmoja ni mwekundu, udongo wetu wa huku. Upande wa pili ni mweupe, na nilipousugua kwenye vidole nikajua ni nini: ungaunga wa karatasi. Miaka miwili ya rimu za A4 ninazozipigapiga mezani kabla ya kuzitia kwenye mashine ya kopi. Hakuna hewa ingepita hapo. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote ikisukuma ukuta.

Pesti ilikuwa imekauka, inabanduka vipande kama chokaa ya ukuta wa zamani. Nimefuta, nimeweka mpya, nimefunga kwa namba 1 mpaka 4. Feni nimeizungusha kwa kidole kama alivyosema wa Zanzibar, iko laini, haikwaruzi.

Nimepima kwa `stress-ng --cpu 4 --timeout 600`, yaani dakika kumi prosesa ikifanya kazi zote kwa pamoja. Kabla ya kufungua nilifanya jaribio hilohilo: ilifika 100 ndani ya dakika moja, kasi ikaanguka 1.1. Leo imepanda hadi 78 ikasimama hapo, kasi GHz 2.7, na kaunta imebaki 0 mpaka mwisho. Nilikaa naitazama ile 0 dakika zote kumi.

Nimegundua na jambo lingine ambalo hakuna aliyeniuliza. Laptopu huwa naiweka kulia kwa mashine ya kopi, na mashine ya kopi inatolea hewa yake ya moto upande wa kulia. Nikitoa kopi mia mbili za mtihani, hewa yote ya kuyeyushia tona inaingia kwenye laptopu. Nimeihamishia upande wa pili wa kaunta. Jamani, ahsanteni sana.

---

steshenari_dom, Ijumaa, saa 6 mchana

Wakuu, nimerudi, na nimechanganyikiwa. Jana ilikwenda kama upepo. Leo tangu saa 4 ni nzito kuliko hata mwanzo. Menyu tu inachukua sekunde tano kufunguka. Lakini ni baridi! Nimeweka kiganja, hakuna joto. `sensors` inasema 47. Kasi ya nyuzi zote nne: MHz 400, haipandi hata nifanye nini. Kaunta ni 0. Nimeharibu kitu wakati wa kufunga?

---

nzi_wa_terminali, Ijumaa, saa 6:15 mchana

Hujaharibu. Nijibu kitu kimoja: chomoa chaja, subiri nusu dakika, tazama kasi tena.

---

steshenari_dom, Ijumaa, saa 6:22 mchana

Imepanda hadi 2,800 palepale! Nikirudisha chaja inaanguka 400. Nimerudia mara tatu.

---

nzi_wa_terminali, Ijumaa, saa 6:40 mchana

Basi ni chaja. Angalia jaki yake, ile ncha inayoingia kwenye mashine. Katikati kuna kipini chembamba kama sindano? Hicho hakipitishi umeme wa kuchaji. Kinapeleka taarifa: mimi ni chaja ya wati kadhaa. Kikipinda, kikivunjika, au chaja ikiwa ya bandia isiyojua kujitambulisha, mazabodi inahofia kwamba umeme hautatosha, inatuma ishara kwa prosesa iende mwendo wa chini kabisa. Kwa prosesa yako mwendo huo ni MHz 400. Ishara hiyo ndiyo ileile inayotumika kusema "kuna moto", ndiyo maana mashine inafanya kama imechemka wakati ni baridi. Linux haina kosa hapo, hata ungepiga Windows ingekuwa vilevile.

---

kernel_mpya, Ijumaa, saa 7:05 mchana

Inawezekana kuizima hiyo ishara. Weka msr-tools, soma rejista 0x1FC (sehemu ya mipangilio ndani ya prosesa) kwa rdmsr, biti ya kwanza kabisa ukiigeuza kuwa 0 kwa wrmsr, prosesa haisikilizi tena mazabodi. Mimi naitumia hivyo mwaka wa pili.

---

fundi_ghorofani, Ijumaa, saa 7:30 mchana

Kaka, inafanya kazi, sikatai. Lakini usimpe ushauri huo mtu mwenye chaja ambayo hatujui ni ya wati ngapi. Ukinyamazisha ishara, mashine itavuta umeme wote inaoutaka kwenye chaja ya wati 45 iliyoandikwa 65. Nimeletewa chaja zilizoyeyuka jalada. Dada ana duka limejaa karatasi.

---

steshenari_dom, Ijumaa, saa 2 usiku

Nimemsikiliza fundi. Kipini kimepinda kabisa, kimelala pembeni. Nadhani ni Alhamisi jioni, waya ulivutwa na mteja aliyepita nyuma ya kaunta, maana nilikuwa nimehamisha laptopu na waya ukawa unakatiza njia. Nimenunua chaja nyingine ya wati 65, nikaijaribu dukani kwa muuzaji kabla ya kulipa: nilichomeka, nikafungua terminali, nikaandika `grep MHz /proc/cpuinfo`. Muuzaji aliniuliza naangalia nini. Nikamwonyesha. Chaja ya kwanza aliyonipa, 400. Ya pili, 400. Ya tatu ikapanda 2,700, ndiyo niliyolipia. Zote tatu betri ilikuwa inaonyesha inachaji vizuri tu.

Waya sasa nimeupitisha chini ya kaunta na kuubana kwa misumari ya waya wa umeme.

Leo jioni amekuja kijana na ripoti ya kurasa 71. PDF imetoka kwa sekunde 22, nimehesabu kwa simu. Kwaya ilikuwa inapiga, 360p.

---

mwl_singida, Jumamosi, saa 1 asubuhi

Dada hongera. Nina mashine inayofanana na ya kwako na vumbi letu ni lilelile. Ulitumia bisibisi gani, na ulihitaji kung'oa kibodi?

---

steshenari_dom, Jumamosi, saa 2:10 asubuhi

Mwalimu, bisibisi ya nyota, PH1 kwa jalada na PH0 kwa skrubu za feni. Kibodi huigusi, unaingilia chini. Skrubu za jalada hazitoki kabisa, ukizilegeza zinabaki kwenye jalada lenyewe, usizilazimishe. Waya wa feni una kichwa kidogo cheupe, kivute kwa kucha kutoka pande zote mbili, usivute waya. Na uwe na kibano.